NANI ATAKIPATA KITI CHA DODOMA?

Uchaguzi mkuu ujao, kwa hesabu ya Katiba, ni wa mwaka 2030. Walakini katika Dodoma yetu kampeni ya vinywa imekwisha kuanza, wala haikungoja ruhusa ya Tume. Ukienda mnadani Msalato siku ya Jumamosi, ukakaa karibu na wachoma nyama, utawasikia watu wazima wakigawana majimbo kama wagawanavyo paja la mbuzi: huyu Mjini, yule Mtumba, fulani Kongwa, na fulani arudi kwao akapumzike. Waliomo bungeni wanahesabiwa siku zao, na wasiomo wanapewa viti ambavyo hata hawajaviomba.

Hatuwalaumu watu hao. Kubashiri ni starehe isiyotozwa kodi. Tena ni dalili njema, kwani watu wasiojali Bunge lao hawapotezi mate kwa kubishana juu ya nani ataketi ndani yake. Lakini kwa kuwa maneno haya yameanza kuingia hata katika vikao vya matawi, na kwa kuwa wako wanachama walioanza kujipanga nyuma ya watu badala ya kushughulika na kazi za matawi yao, twaona yafaa tuseme neno. Na neno letu ni hili: ubashiri wa majina katika nyanda hizi za kati umekosea mara nyingi mno, na mara nyingi umekosea kwa sababu moja. Wabashiri humtazama mtu anayegombea. Hawautazami mlango anaoingilia.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa Ugogo analikumbuka. Mwaka 2010 katika jimbo la Mtera alikuwapo Mzee John Samuel Malecela. Huyu hakuwa mtu wa kuulizwa ametoka wapi. Alikuwa Waziri Mkuu tangu 1990 hata 1994, alikuwa Makamu wa Mwenyekiti wa Chama, na jina lake lilijulikana hata kwa mtoto achungaye ndama. Kama ungalimwambia mtu wa Mvumi mwaka 2009 kwamba mzee huyo angeangushwa ndani ya Chama chake mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe, angalikuuliza umekunywa nini. Basi aliangushwa, na aliyemwangusha ni Ndugu Livingstone Lusinde, ambaye watu humwita Kibajaji. Bajaji ikalipita lori.

Wabashiri walisema baadaye kwamba watu walitaka damu changa, na wengine wakasema mzee amechoka. Labda. Lakini hapana aliyetaja jambo lililokuwa kubwa kuliko yote: mwaka ule CCM iliitoa kura ya maoni mikononi mwa wajumbe wachache wa ukumbini, ikaikabidhi kwa wanachama wote wenye kadi. Mtu aliyezoea kuzungumza na wajumbe anaowajua kwa majina, na watoto wao kwa majina, alijikuta siku moja anapigiwa kura na maelfu ambao hawakuwahi kukanyaga sebuleni pake. Mlango ulipanuliwa, na aliyeingia akawa mwingine. Wala haikuwa Mtera peke yake. Mwaka ule wabunge wengi, tena wenye majina, walirudi nyumbani kabla hata kampeni za vyama hazijaanza.

Mwaka huohuo wa 2010, jirani zetu wa Singida Mashariki walimpeleka bungeni Ndugu Tundu Lissu wa CHADEMA. Jimbo lile lilikuwa likihesabiwa kuwa ni mali ya chama tawala kama mbuzi aliyekwisha kufungwa kamba. Tunalitaja ili wanachama wa CCM wasidhani kwamba kura ya maoni ni mambo ya ndani ya nyumba tu. Mlango wa nje nao una komeo lake, na komeo hilo liko mkononi mwa mwananchi asiye na kadi yoyote.

Kwa wale ambao hawakuzaliwa wakati wa TANU, inafaa tukumbushe pia yaliyotokea Septemba 1965. Nchi ilikuwa imekwisha kuwa ya chama kimoja, na wako waliodhani, hasa wageni wa Ulaya, kwamba uchaguzi ungekuwa wa kupiga muhuri tu. Utaratibu ulikuwa hivi. Mkutano wa wilaya ulipiga kura juu ya walioomba. Halmashauri Kuu ya Taifa iliyatazama majina na kwa kawaida ikapitisha mawili. Mmoja akapewa jembe kuwa alama yake na mwingine nyumba, kisha wakapelekwa kwa wapiga kura wote. Wagombea walihutubia jukwaa moja, mbele ya watu walewale, kwa Kiswahili, wala hawakuruhusiwa kutaja kabila wala dini. Methali yasema mchagua jembe si mkulima, lakini mwaka ule kuchagua jembe kulikuwa ni haki ya kila mkulima, naye aliitumia. Mawaziri wawili walianguka, na mawaziri wadogo kadhaa. Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa kwa mikono yake, alishindwa huko Mwanza, ingawa Mwalimu alimrudisha katika serikali. Wabashiri wa 1965 walikuwa wengi kama wa leo, nao walikosea kama wa leo.

Hatusemi kwamba turudi 1965. Nchi ina vyama vingi tangu 1992, na hilo limekwisha. Tunachosema ni kwamba utaratibu ule ulikuwa na busara moja iliyotupotea: wajumbe wachache walipunguza orodha, lakini hawakuimaliza. Neno la mwisho kati ya watu wawili lilikuwa la umma.

Sasa tutazame yaliyofuata. Mwaka 2015 kura ya maoni ya ubunge ilikuwa bado ya wanachama wote. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, Dodoma ilijaa wabashiri kuliko nyumba za wageni zilivyoweza kuwapokea, maana Chama kilikuwa kinamtafuta mgombea wa urais. Watu 42 walikuwa wamechukua fomu. Mitaani jina lililotajwa kuliko yote lilikuwa la Ndugu Edward Lowassa, na wako waliokwisha kushona sare. Jina hilo halikufika hata katika tano bora. Walipobaki watatu mbele ya Mkutano Mkuu, yaani Dakta John Magufuli, Balozi Amina Salum Ali na Dakta Asha-Rose Migiro, Dakta Magufuli alipata kura 2,104, na wenzake wawili kwa pamoja hawakufika 400. Ni wangapi waliokuwa wamembashiri miezi sita kabla? Leo kila mtu anasema alijua.

Mwaka 2020 mlango ulifinywa tena. Kura ya maoni ya ubunge ilirudi kwa wajumbe wa mkutano wa jimbo, mia kadhaa katika ukumbi mmoja, na idadi ya walioomba ilikuwa kama ya siafu. Wako waliotoka ukumbini na kura moja, ile waliyojipigia wenyewe, na wako waliokosa hata hiyo. Ndipo ulipozaliwa msemo ule kwamba wajumbe si watu. Sisi hatuupendi msemo huo. Wajumbe ni watu kabisa, nao ni watu wetu: ni mama anayeuza karanga, ni katibu wa tawi asiye na baiskeli, ni mzee anayengoja fedha za uwele wake. Kosa si lao. Ukimweka mtu maskini mahali ambapo kura yake moja ni sehemu kubwa ya ushindi wa mtu tajiri, umemweka katika majaribu ambayo hata wasomi hawayawezi.

Na hapa ndipo yalipo mambo yenyewe. Kamba hukatikia pembamba. Palipo na wapiga kura mia tano, mwenye fedha ana hesabu rahisi ya kufanya: kila mmoja nauli, kila mmoja kitenge, kila mmoja bahasha, na jioni pilau. Palipo na elfu kumi hesabu hiyo inamshinda. Nchi hii imelijaribu jambo la fedha za uchaguzi kwa njia ya sheria. Mwaka 2000 takrima iliruhusiwa kwa jina la ukarimu wa asili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Zote hizo ni hatua, na ile hukumu ya 2006 ilikuwa ya kuheshimiwa. Lakini sheria humkamata anayeonekana, na bahasha haina miguu yenye kishindo.

Tusidanganyane kwamba mlango mpana hauna nyufa. Mwaka 2010 na 2015 yalikuwako malalamiko ya kadi zilizogawiwa kwa haraka mno siku chache kabla ya kura, na ya watu waliopiga kura katika Chama ambacho hawakujua hata mwenyekiti wa tawi lake ni nani. Malalamiko hayo yalikuwa na haki. Dawa yake ilikuwa ni kusafisha madaftari. Badala yake wapiga kura walipunguzwa, kana kwamba mtu anayelalamika kuwa maji yana takataka amezibiwa kisima.

Mwaka 2025 Chama kililegeza kidogo. Idadi ya wapiga kura wa maoni iliongezwa, na viongozi wa ngazi za chini katika matawi wakaingizwa. Kura ilipigwa tarehe 4 Agosti. Hiyo ilikuwa hatua ya kwenda mbele, nasi twaisifu. Lakini aliyeongoza kwa kura hakuwa bado amepata. Vikao vya juu ndivyo vyenye neno la mwisho, navyo vina uwezo wa kumwacha wa kwanza na kumchukua mwingine. Kwa hiyo mbashiri wa kweli hana budi kubashiri mara mbili: watu watamtaka nani, na vikao vitamtaka nani.

Na katika Kongwa hata mara mbili hazikutosha. Ndugu Job Ndugai, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo tangu 2000 na Spika tangu 2015 mpaka alipojiuzulu Januari 2022, aliongoza katika kura ile ya tarehe 4 Agosti. Tarehe 6 Agosti akafariki dunia. Waliokwisha kuandika jina lake katika orodha ya Bunge lijalo walilifuta kwa machozi. Mungu amweke mahali pema.

Jambo la uchaguzi wa 2025 hatuwezi kulipita kimya. Kura ya tarehe 29 Oktoba ilifanyika bila CHADEMA kuwamo katika karatasi, na siku ile na zilizofuata watu walipoteza maisha katika miji ya nchi yetu. Mambo hayo yamezungumzwa na yatazungumzwa mahali pengine. Tunayataja kwa sababu yanahusu hasa hoja yetu. Katika majimbo mengi ya mkoa huu, aliyeteuliwa na CCM ndiye aliyekwenda bungeni, karibu miaka yote. Maana yake ni kwamba kura ya maoni ndiyo imekuwa uchaguzi wenyewe, na ile ya Oktoba imekuwa ni kuuthibitisha. Pale mlango wa nje unapokuwa mwembamba, mzigo wote wa haki ya mwananchi huangukia mlango wa ndani. Na mlango wa ndani ukiwa nao ni wa watu wachache, mwananchi wa Nala au wa Hombolo amebakiwa na nini mkononi?

Sasa turudi katika hicho kiti cha Dodoma chenyewe, maana wasomaji wetu hawatatusamehe tukiondoka bila kukigusa.

Jimbo la Dodoma Mjini lilikuwa la Ndugu Ephraim Madeje baada ya uchaguzi wa 2005, la Ndugu David Malole baada ya 2010, na la Ndugu Anthony Mavunde baada ya 2015. Chaguzi tatu, wabunge watatu, chama kilekile. Ndugu Mavunde ndiye aliyeivunja desturi hiyo aliporudi 2020. Kisha mwaka 2025 Tume ikaligawa jimbo, likazaliwa jimbo la Mtumba, naye akagombea huko, na jimbo lililobaki likapata mbunge mpya. Anayebashiri 2030 kwa kutazama 2015 anapima shamba ambalo mipaka yake imekwisha kuhamishwa.

Na si mipaka tu iliyohamishwa. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 iliwahesabu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Yaani katika miaka kumi mji uliongezeka karibu kuwa miwili. Serikali ilihamia kweli baada ya tamko la Julai 2016, hadhi ya jiji ikaja 2018, Mji wa Serikali ukasimama Mtumba palipokuwa mashamba, na tangu 2024 treni ya umeme imeifanya safari ya Dar es Salaam kuwa ya saa chache. Waliokuja ni makarani, waalimu, askari, mafundi wa ujenzi, mama lishe, waendesha bodaboda, na watu wa kila kabila. Wako wenyeji wanaonung'unika kwamba kiti cha mji kitachukuliwa na mgeni. Wako wageni wanaosema wenyeji wamekikalia vya kutosha. Maneno yote mawili ni mabaya, na TANU iliyakataza jukwaani tangu 1965.

Swali la haki ni jingine. Mfanyakazi aliyehamia Ihumwa na familia yake, anayekunywa maji ya Dodoma na kulipa kodi ya pango Dodoma, ameandikwa wapi katika daftari? Kadi yake ya Chama iko tawi gani? Wengi tunaowajua, kadi zao bado ziko Temeke au Kinondoni, na siku ya uchaguzi hupanda treni kwenda kupiga kura kwa mbunge ambaye hatawatengenezea hata mtaro mmoja. Huku nyuma mkulima wa zabibu wa Mpunguzi na mfugaji wanaachiwa peke yao kubeba uamuzi wa mji wenye robo tatu ya milioni ya watu. Mbunge anayechaguliwa namna hiyo atasikiliza nusu ya jimbo lake, wala hatakuwa na kosa.

Tunajua wako watakaotujibu kwa mfano wa Kibakwe. Watasema: Ndugu George Simbachawene amekishika kiti kile tangu 2005, mlango ulipanuliwa akapita, ukafinywa akapita, basi mlango una kazi gani? Ni hoja nzuri, nasi twaikubali kwa sehemu. Mtu aliyejishikiza kwa watu wake anaweza kupita milango yote. Lakini hesabuni katika mkoa huu ni wangapi walio hivyo, na ni wangapi waliopanda kwa mlango mmoja wakashushwa kwa mwingine.

Basi anayetaka kujua ni nani atakipata kiti cha Dodoma mwaka 2030, sisi tunamshauri aache kutazama magari yenye vioo vyeusi yanayoanza kuonekana katika misiba. Ni kweli kwamba mwanasiasa anayeanza kuhudhuria misiba ya watu asiowajua ana jambo, lakini wako kumi wenye jambo hilohilo. Atazame mwaka 2027. Huo, kwa desturi ya kila miaka mitano, ndio mwaka wa uchaguzi wa ndani ya CCM, kama ulivyokuwa 2017 na 2022. Huanzia mashinani, ukapanda katika matawi na kata mpaka wilaya. Hao watakaochaguliwa kuwa wenyeviti, makatibu na wajumbe wa halmashauri za matawi, wengi wao ndio watakaoshika kalamu siku ya kura ya maoni ya 2030, ikiwa utaratibu wa 2025 utabaki ulivyo. Mgombea mjanja analijua jambo hilo. Hatangoji 2030; atakuwa amekwisha kuwapanga watu wake katika matawi mwaka 2027, wakati wabashiri wetu wa Msalato wangali wanabishana juu ya majina.

Kwa hiyo wanachama wa matawi ya Makole, Chang'ombe, Kikuyu, Nzuguni na kwingineko wana mambo mawili ya kudai katika mikutano yao, tena sasa. La kwanza, daftari la wanachama lisomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa tawi, jina kwa jina, ili aliyehama afutwe, aliyefariki afutwe, na mfanyakazi aliyehamia aandikwe mahali anapolala. La pili, matawi yapeleke juu azimio kwamba kura ya maoni ya 2030 ipigwe na wanachama wote waliomo katika daftari hilo lililosafishwa, na kwamba kikao cha juu kikimwacha aliyeongoza, kieleze sababu zake kwa maandishi kwa tawi lililompigia kura. Mwaka 1973 TANU iliyauliza matawi yake kama makao makuu yahamie Dodoma au yasihamie, na matawi yalijibu. Jambo la ukubwa ule liliwekwa mikononi mwa wanachama wa kawaida, nao hawakulivunja. Hatuoni kwa nini jina la mbunge mmoja liwashinde.